Khuntha na Ushahidi wa Nafsi Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aumbaye atakavyo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Mama mmoja ametuletea swali katika darsa yetu, na kwa kuwa ametaka asijulikane hatutataja mji wake wala ukoo wake. Asema ana mtoto wa miaka 17 aliyelelewa kama binti. Siku ya kuzaliwa mkunga alimtazama, akasita kidogo, kisha akasema ni mwanamke, na jambo likaishia hapo. Tangu miaka miwili iliyopita sauti ya mtoto imekuwa nzito, hedhi haikupata kuja, na maumbile yake yamegeuka kwa namna ambayo ni mama peke yake aijuaye. Baba amekwisha kufariki. Ami zake wamepokea posa na kuweka siku ya ndoa, wakisema akiolewa atatulia. Bibi yake asema ni rohani amempanda, basi apungwe. Na mtoto mwenyewe, usiku mmoja, amemwambia mama yake kwamba tangu ajitambue hajapata kujiona kuwa mwanamke, ila ameogopa kulisema hilo kwa kuwa ameambiwa kusema hivyo ni kumkosoa Muumba.

Mama auliza: Je, mwanangu amekosa kwa kusema? Ndoa hii yafaa? Mali ya marehemu babake itagawanywaje? Asimame wapi katika sala? Na mwisho ameuliza jambo dogo, ambalo sisi tunaliona ndilo lililomliza zaidi, nalo tutalitaja mahali pake.

Tumeona swali hili lisijibiwe kwa barua ya faragha tu, kwani majumba yaliyoficha jambo kama hili si moja. Tena mlango huu umo katika vitabu tunavyovisoma kila mwaka misikitini mwetu. Wanafunzi hupita juu yake kwa kucheka, mwalimu naye huona haya akaufungua ukurasa wa pili. Hivyo elimu imo kitabuni, na mtoto wa watu yu taabuni.

Kwanza tulisafishe jina. Kwa Kiarabu mtu huyu huitwa khuntha, na Waswahili wengine huandika huntha. Asili ya neno ni kupinda na kulainika, na katika asili hiyo hiyo limetoka neno hanithi litumikalo kwetu. Mitaani maneno haya mawili yamefanywa moja, na yote mawili yamefanywa tusi. Haya ni makosa. Khuntha ni mtu ambaye viungo vyake havikubainika kuwa vya kiume au vya kike, au ana sehemu ya hivi na sehemu ya hivi. Hilo ni umbo alilotoka nalo tumboni mwa mama yake, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Aal Imran (3:6) ametueleza kuwa Yeye ndiye atutiaye sura matumboni jinsi apendavyo. Kumwita mtu wa namna hii kwa jina la dhambi asiyoitenda ni kumsingizia, nayo Sura ya Al-Hujurat (49:11) imekataza dhihaka na majina mabaya.

Jambo hili si jipya ulimwenguni. Ibn Hisham katika Sira amesimulia khabari ya Amir bin al-Dharib, aliyekuwa mwamuzi wa Waarabu kabla ya Uislamu. Watu walikuwa wakimwendea katika kila shida, na hukumu yake haikuwa ikikatiwa rufani. Siku moja wakamletea khuntha, wakamwuliza katika mirathi ahesabiwe mwanamume au mwanamke. Amir hakuwa na jibu. Akawaambia wangoje, akalala usiku akigaagaa. Alikuwa na kijakazi mchungaji, jina lake Sukhayla, ambaye kila siku alikuwa akimkaripia kwa kuchelewa kutoa mifugo asubuhi na kuchelewa kuirudisha jioni. Kijakazi akamwona bwana wake hana usingizi, akamwuliza kisa. Akamkemea, kisha kwa kukata tamaa akamweleza. Naye, bila ya kufikiri sana, akamwambia aangalie mkojo watoka njia gani, afuate hiyo. Amir akafarijika, na tangu siku ile akamwacha achelewe apendavyo. Uislamu ulipokuja, hukumu hii ikathibiti, na imepokewa kuwa Sayyidna Ali naye aliitumia. Sisi huipenda khabari hii kwa kuwa hakimu mkubwa aliona haya kusema "sijui" mbele za watu, akapata elimu yake kwa mchunga kondoo.

Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii hawakuishia kwenye mkojo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amezipanga alama katika Majmuu na katika Rawdha. Ya kwanza ni hiyo njia ya mkojo. Kisha, baada ya kubaleghe, hutazamwa manii na hedhi. Kuzaa nako ni dalili isiyoshindwa na nyingine. Ndevu na matiti, kwa kauli iliyo sahihi, si dalili. Wapo waliosema zihesabiwe mbavu, ati mwanamume ana ubavu pungufu kwa sababu ya Hawaa; Imam Nawawi ameikataa kauli hii, na wako miongoni mwa maimamu waliosema wazi kwamba hawajapata kuona tofauti hiyo katika mbavu za watu. Wale kwetu wanaosema hivyo mpaka leo katika mabaraza na wajihesabu.

Na khuntha yuko wa namna nyingine, asiye na viungo vya huku wala vya huku vilivyobainika, ila tundu moja atokalo mkojo. Huyu mkojo wake hauonyeshi kitu. Husubiriwa mpaka abaleghe.

Basi zikishindwa alama zote, ni nini? Hapa twaomba msomaji atulie, kwani ndiyo roho ya jibu letu. Maulamaa wamesema aulizwe mwenyewe. Anaulizwa kuhusu mayl, yaani maelekeo ambayo maumbile yake yamempa. Akisema nafsi yake yaelekea kwa wanawake, huhukumiwa mwanamume. Akisema yaelekea kwa wanaume, huhukumiwa mwanamke. Wala hakutakiwi mashahidi, kwa sababu jambo hilo halijui mtu mwingine ila yeye. Hakuna daktari, wala kadhi, wala mama mzazi awezaye kuingia ndani ya nafsi ya mtu akaona.

Lakini wameweka masharti, na masharti yenyewe yaonyesha jinsi walivyolichukua neno hili kwa uzito. Asiulizwe ila aliyebaleghe mwenye akili. Mtoto mdogo aweza kuchagua kukaa na baba au mama pale wazazi walipoachana, lakini katika hili, kwa kauli iliyo sahihi, neno lake halijachukuliwa. Pili, aeleze anachokikuta nafsini mwake kwa tabia aliyoumbwa nayo. Si kuchagua kinachopendeza, wala kinacholeta fungu kubwa la mirathi. Tatu, akishasema, hawezi kurudi nyuma, isipokuwa itokee dalili ya nguvu kama mtu aliyesema ni mwanamume kisha akashika mimba. Nne, na hili ndilo tunalotaka mama yetu alisome mara mbili, akishabaleghe na akakuta nafsini mwake moja ya maelekeo hayo mawili, ni wajibu wake kusema. Akichelewesha apata dhambi.

Kwa hivyo mtoto huyu ametishwa kwa kinyume cha sharia. Ameambiwa kusema ni dhambi, na maulamaa wasema dhambi imo katika kunyamaza. Ikiwa alama za mwili wake zimetatanisha kama alivyoeleza mama, basi maneno aliyoyasema usiku ule si kufuru wala si kumkosoa Muumba. Ni mlango wa ushahidi aliotakiwa kuutoa, na aliyemnyamazisha ndiye wa kuulizwa.

Hapa lazima tueleze mpaka wa maneno yetu, wasije wengine wakatuchukulia tusilolisema. Darsa hii ni ya mtu ambaye mwili wake umetatanisha. Ama mtu ambaye mwili wake ni kamili, wa kiume au wa kike, naye nafsini mwake ajiona kinyume, hiyo ni mas'ala nyingine. Baraza la Fiqhi la Rabita lililokutana Makka mwezi wa Rajab 1409 (Februari 1989) lilikataza kumbadilisha aliye kamili, likaruhusu matibabu ya aliyetatanisha kwa kufuata upande wenye nguvu. Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, katika fatwa yake ya mwaka 1988, aliruhusu upasuaji wa kudhihirisha maumbile yaliyofichikana pale daktari anapoona haja, akakataa uwe kwa matakwa peke yake. Katika Iran, Ayatollah Khomeini aliruhusu zaidi ya hapo. Sisi tunafuata kauli ya Makka. Lakini hata mtu huyo hatukupewa ruhusa ya kumchezea. Imam Nawawi huyo huyo, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amempambanua mwanamume aliyeumbwa na mwendo au sauti ya kike na yule anayejitia makusudi. Wa kwanza, amesema, hana lawama wala dhambi, kwani hakujifanya. Ni wavulana wangapi wa chuoni waliopigwa na walimu kwa ajili ya sauti waliyopewa na Mola wao!

Turudi kwa mtoto wetu. Ami zake wasema atulie, bibi yake asema apungwe. Kwa heshima zote kwa bibi, twasema kupunga pepo ni kumpotezea mtoto wakati na mama fedha. Hedhi isiyokuja haikuzuiliwa na rohani. Mganga akishachukua kuku wake na ubani wake, mtoto atarudi nyumbani na sauti ile ile, akiongezewa aibu ya ngoma iliyopigwa kwa jina lake.

Matabibu wameyajua mengi ambayo maulamaa wa zamani hawakuwa na njia ya kuyajua. Wameeleza kuwa mtoto tumboni, wiki zake za mwanzo, viungo vyake vya kiume na vya kike havijatengana. Hutengana baadaye kwa kazi ya kromosomu na ya homoni. Pakiwa na upungufu mahali, mtoto huzaliwa ametatanisha. Wako ambao kromosomu zao ni za kiume lakini mwili haukuweza kuigeuza homoni moja kuwa nyingine yenye nguvu zaidi. Hawa huzaliwa wakiwa na sura ya kike, na wakifika umri wa kubaleghe sauti hushuka na mwili hugeuka. Mwaka 1974 zilichapishwa khabari za familia kadha za namna hii katika Jamhuri ya Dominika, ambako vijiji vizima vilikuwa vikijua jambo hili na kuwa na jina lake. Wako wengine, wenye kromosomu za kiume pia, ambao mwili wao hauisikii kabisa homoni ya kiume. Hawa hukua wanawake kwa sura yote, ila hedhi haiji. Na wako wasichana ambao tezi zilizo juu ya figo zimewatia homoni ya kiume tangu tumboni.

Kuhusu hawa wa mwisho twataka kuwaonya wakunga na wazazi, ingawa si jambo aliloliuliza mama. Baadhi ya watoto hawa hupoteza chumvi mwilini katika wiki za mwanzo. Hutapika, hulegea, hukauka, na wasipopata dawa hufa. Dawa ipo, nayo humezwa kila siku. Kwa hivyo mkunga akiona mtoto mchanga ametatanisha, asimfunike nguo akanyamaza ili kuisitiri nyumba. Amwambie mama wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wako, bila shaka, watoto waliozikwa ikasemwa ni jicho baya, na kumbe ni chumvi.

Lakini kumpeleka hospitali si kukubali akatwe. Pasipo khatari ya maisha au ya kuziba mkojo, hatuoni haja ya kuharakisha kisu juu ya mtoto asiyeweza kusema. Maulamaa wetu walisubiri mpaka mtu abaleghe. Walisubiri na hali mirathi imesimama, ndoa imesimama, na sala yake ina hukumu za tahadhari. Ikiwa sharia imeweza kungoja, baba naye aweza kungoja.

Yakaulizwa katika darsa maswali ambayo hatukuyamaliza kwa urahisi. Mmoja wetu alisema: siku hizi maabara yaweza kutoa karatasi ya kromosomu, basi tuifuate, tuache kumwuliza mtu nafsi yake. Tulikaa juu ya neno hili usiku kucha. Mwisho wengi wetu tukaona hivi: uchunguzi wa daktari ni katika alama, na ni alama bora kuliko mkojo, wala haifai kuudharau. Lakini karatasi peke yake si hukumu. Mwanamke ambaye mwili wake hauisikii homoni ya kiume, ameishi miaka 30 mwanamke kwa sura na kwa nafsi, tukimwambia kwa sababu ya karatasi kuwa tangu leo ni mwanamume avue buibui aende safu ya mbele, tumemdhulumu. Sharia ilihukumu kwa yaonekanayo na kwa yale mtu ayakutayo nafsini mwake, wala haikutukalifisha kutazama ndani ya chembe. Ndugu yetu mmoja bado hakukubali, na tumeiandika khitilafu yake kama ilivyo.

Sasa ndoa. Khuntha ambaye hajabainika, ndoa yake haisihi katika madhehebu yetu, kwa sababu haijulikani ni mume au mke. Ami walioweka siku, hata wakiita mashekhe kumi na wakachinja ng'ombe, hawatakuwa wamefunga kitu. Ni wajibu wairudishe posa, na kilichopokewa kirudi kwa mwenyewe. Mposaji naye hakutendewa haki, kwani hakuambiwa. Na wale wanaosema ndoa itamtuliza twawauliza: itamtulizaje mtu kulazwa na mwanamume mwenzake, ikiwa ndivyo atakavyobainika?

Mirathi yataka hesabu. Tuchukue mfano mwepesi: mtu amekufa ameacha minazi 60, hana mke wala wazazi, ana mtoto mwanamume mmoja na khuntha mmoja. Khuntha akiwa mwanamume, kila mmoja ana minazi 30. Akiwa mwanamke, ana 20 na nduguye 40. Imam Shafii asema kila mmoja apewe lililo yakini: khuntha apewe 20, nduguye apewe 30, na minazi 10 isimamishwe mpaka abainike au wasikizane. Mahanafi humpa khuntha lililo dogo, yaani 20, na ndugu 40. Wamaliki humpa nusu ya mafungu mawili, yaani 25, na ndugu 35. Katika nyumba ya mama yetu, yeye ni mjane, na thumuni yake haiguswi na shaka hii. Ami wasiingie shambani kabla ya jambo kubainika. Na mahali pa kulibainisha ni mbele ya kadhi, kwani Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali mahakama hiyo. Mama aende na cheti cha daktari, na mtoto aende na ulimi wake.

Katika sala, mpaka atakapohukumiwa, ajisitiri kama mwanamke kwa tahadhari, na asimame nyuma ya wanaume na wavulana, mbele ya wanawake. Maulamaa wamemtengea mahali pake katika safu. Hawakusema asije msikitini. Twalitaja hili kwa kuwa tumesikia mtu mmoja mzima aliyeacha sala ya jamaa zaidi ya miaka 20 kwa sababu hakujua mlango wa kuingilia, na hapana aliyemwonyesha.

Serikali nayo imeanza kuwatambua watu hawa. Mahakama Kuu ya Nairobi, mwezi wa Desemba 2014, ilitoa hukumu juu ya mtoto mmoja khuntha, ikamtaka Mwanasheria Mkuu aeleze hatua za kuwalinda watoto kama yeye. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 waliandikwa 1,524 katika nchi nzima, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemtaja mtoto khuntha kwa jina lake. Idadi hiyo ni ya waliojitaja. Waliofichwa vyumbani karani hakuwaona.

Limebaki lile swali dogo. Mama asema jina la mtoto alilipa yeye, ni jina la mamake mzazi aliyekufa siku arubaini kabla ya uzazi. Mtoto akihukumiwa mwanamume, je, alipoteze jina la mama yake? Twamjibu kuwa kubadilisha jina kwafaa, na Mtume (S.A.W.) aliwabadilishia watu majina. Amruhusu mtoto achague jina la kiume lenye maana njema, watu wa nyumbani wamwite hilo, na wanaokosea wakumbushwe kwa upole. Ama jina la marehemu, mama aweza kumtolea sadaka na kumwombea kwalo, na pengine atazaliwa mjukuu akalipokea.

Katika toleo lijalo, inshaallah, tutaendelea na mali inayosimamishwa, tukianza na mlango wa aliyepotea ambaye haijulikani kama yu hai au amekufa.